Jina Nililoliacha Unyagoni

Jina lake silitaji. Msidhani ni huruma, huruma kwake nilishaimaliza zamani. Silitaji kwa sababu nikilitaja atapata la kusema, atajifanya yeye ndiye aliyeonewa, na machozi yake nayajua, hayakai mbali. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwita miaka yote ile kabla sijajua kwamba nafuga nyoka.

Mimi na yeye tulichezwa unyago pamoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijijini kwetu upande wa mdomo wa Ruvuma. Tulikuwa wasichana wanne nyumba moja, chini ya kungwi mmoja. Ya ndani hayaandikwi, na mimi si wa kuyaandika. Lakini hili moja kwetu kila mtu analijua, hata wanaume, kwa hiyo silifichi: ukitoka unyagoni unatoka na jina jipya, na lile la utotoni unaliacha hukohuko. Halitamkwi tena. Anayekuita kwa jina lile amekutukana tusi la mtu mzima, na anatozwa kuku. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakisusiana miaka kwa sababu mmoja aliteleza ulimi mbele za watu. Wavulana nao ni hivyohivyo wakitoka jandoni.

Basi shikeni hapo, twende Chikongola.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu, na kwa mama ndiye mtoto wa kiume peke yake. Alikuwa baharia kwenye meli za nje. Zamani akiandika barua inafika miezi imepita, mama ameshalia, amenyamaza, amelia tena. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili mjini kwetu ikafunguliwa kafe ya intaneti, pale Chikongola, chumba kimoja chenye feni iliyokuwa ikizunguka inapojisikia. Kaka akanipigia simu ofisini akasema, "Mdogo wangu, fungua imeili. Nikitia nanga tu, nakuandikia, unasoma siku ileile."

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Taipureta naijua, kompyuta nilikuwa naiogopa, naona nikigusa vibaya italipuka. Mwenzangu yeye alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam, amerudi, anafundisha watu palepale kafe. Sasa ningemwendea nani mwingine? Nilimwendea kwa furaha, na maandazi nikambebea.

Akanikalisha, akanifungulia. Mashine ikataka neno la siri, nikaweka. Halafu ikataka swali la akiba, la siku utakaposahau neno la siri. Unachagua swali, unaandika jibu, na siku hiyo ukilijibu sawasawa mashine inakufungulia mlango uweke neno jipya. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, mwenzangu akawa ananitafsiria. Mnyama wako wa kwanza wa nyumbani aliitwaje? Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Mnyama gani, yule beberu wa babu? Halafu likaja lingine: utotoni ulikuwa ukiitwa nani?

Wee! Nilijiona mjanja siku ile kuliko watu wote wa Mtwara. Nikasema hapa ndipo. Jina ambalo hakuna anayethubutu kulitoa kinywani, jina ambalo hata mimi sijalitamka tangu niwe mtu mzima, nani atalijua? Nikamwambia mwenzangu ageuke nipate kuandika. Akageukia ukutani, akasema, "Shoga, kwani nikigeuka ndiyo sitalijua?"

Tukacheka tena, wote wawili. Ndiyo, na mimi nilicheka.

Mtu wa kutoka mkoa mwingine hafanyi kosa hili. Walimu na makarani waliotoka bara, niliofanya nao kazi, wangeandika jina la paka wakaenda zao. Sisi ndio wa kudanganyika hapa. Kwetu jina lile halitamkwi, na mimi nikachukulia kwamba kisichotamkwa hakijulikani. Kumbe kijiji kizima kinalijua, kimelifunga mdomoni tu kwa adabu. Na adabu ni kitu cha mtu na mtu. Mashine haina adabu. Ukiiandikia jina la mwenzako la utotoni haikutozi kuku, inakufungulia tu.

Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Mama nilikuwa nimemhamishia kwangu Mtawanya kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua, hawezi tena shamba. Nikitoka kafe na karatasi niliyonakilia maneno ya kaka, namkuta amekaa kwenye mkeka anabangua korosho, anasema, "Soma pole pole, usinikimbizie mwanangu." Namsomea. Ananiambia cha kumjibu, na kila jibu lazima limuulize amekula nini. Mwenzangu naye alikuwa mtu wa nyumbani. Jumapili haipiti hajaja. Anamletea mama samaki, anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi, anamwita mama, na mama anamwekea korosho zilizo nzima, zile zisizovunjika, ambazo mimi nilikuwa sipewi.

Halafu siku moja imeili ikanikataa. Naandika neno la siri, mashine inasema si lenyewe. Naandika tena kwa kidole kimoja kimoja, wapi. Nikamwita mwenzangu, akaja akasimama nyuma yangu, akatikisa kichwa. Akasema ni kampuni yenyewe ina matatizo kule kwao, wamefunga visanduku vya watu wengi, nisubiri, yeye atanifuatilia. Nikamshukuru. Nilimshukuru, mnasikia? Wiki zikapita, kaka kimya, nikajua yuko baharini mbali. Simu ya ofisini nayo ilikuwa imekatwa, ya mkononi nilikuwa bado sina.

Mlango ulibishwa siku ya Alhamisi mchana. Mimi niko uani naanika mihogo, mama yuko barazani. Nasikia sauti ya mwanamume inapiga hodi, mama anaitika karibu baba, kisha nasikia kitu kimeanguka kwa kishindo. Nilipotoka nikamkuta kijana mwenye kofia ya kibaharia amekaa chini mchangani, begi limemtoka mkononi, anamtazama mama na midomo inamcheza.

"Shikamoo mama," akasema, na sauti ilikuwa ya kulia.

"Marahaba, mwanangu. Umejikwaa?"

Akaniangalia mimi. "Dada, huyu ni nani?"

"Ni mama yangu. Wewe ni nani?"

Kijana yule akashika kichwa. Alikuwa mwenzake kaka melini, yuko likizo, kaka amemwelekeza nyumbani, na picha ya mama alikuwa ameizoea kitandani kwa kaka. Alikuja kutoa pole. Alikuja kunipa pole ya msiba wa mama, na marehemu mwenyewe ndiye aliyemkaribisha mlangoni.

Nilimkalisha, nikampa maji, akaanza kunieleza kidogo kidogo. Kwamba niliandika mama anaumwa sana, kaka akatuma hela ya dawa. Kwamba nikaandika mama amefariki, kaka akatuma ya sanda, ya chakula cha waombolezaji, ya matanga. Hela ilikwenda kwa jina la mwanamume ambaye niliandika kwamba ni msimamizi wa msiba, simjui mimi wala mama hamjui. Kwamba kaka alilia mpaka nahodha akampumzisha kazi, na mabaharia Waislamu wakakusanyika chumba cha kulia wakamsomea mama khitma, katikati ya bahari, na wasio Waislamu wakasimama mlangoni wamevua kofia.

"Nangu?" mama akasema. Mama akistuka Kiswahili kilikuwa kinamkimbia, anabaki na Kimakonde chake, na nangu ndiyo mimi. "Nangu nimekufa?"

Nikamwambia baharia yule kwamba mimi sijaandika kitu, imeili yangu imefungwa. Akainamisha uso. Akasema, "Dada, hata kaka yako aliingiwa na shaka. Akaandika, kama kweli ni wewe, niambie jina uliloliacha unyagoni. Na likaja. Likaja lenyewe."

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji kufikiri. Katika wale wanne tuliolala nyumba moja, mmoja Mungu alishamchukua, mwingine aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, hata taa ya umeme hajazoea. Bibi zetu wa kijijini jina wanalijua, lakini bibi gani wa kwetu anajua kufungua imeili? Nilimwona mwenzangu amegeukia ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Nilishika panga la kukatia mihogo, na ni yule baharia aliyelishika upande wa pili akasema, "Dada, ukimkata, kaka yako atabaki na habari moja tu: dada mwizi na tena muuaji."

Nikauliza, mwizi kivipi? Akashindwa kuniangalia. Jioni ile alimpigia kaka kwa simu yake ya mkononi, meli yao ilikuwa imetia nanga Durban. Akamwambia mama yu hai, nimemwona, nimemwamkia. Sisi tulikuwa tumekaa pembeni tukingoja kelele za furaha. Kaka akasema maneno ambayo baharia hakutaka kuturudishia, nikamlazimisha. Kaka alisema: jina lile anajua dada yangu, na dada yangu anaishi na mama nyumba moja. Kama mama yu hai, basi wamekaa mkeka mmoja wamekubaliana mama afe ili wanile. Waambie nimezika mama, na sina dada. Imeili ile siiandikii tena, na nyumba ile sirudi.

Mama alisikia. Nilitaka amfiche, lakini nyumba yetu ilikuwa ndogo na mama alikuwa hajapungukiwa masikio. Usiku akakataa chakula. Kesho yake pia, akanywa chai tu. Nikimbembeleza ananiambia, "Mwanangu amesema amenizika. Maiti anakula?"

Jamani! Kuibiwa hela si kitu. Kuna watu wameibiwa hela wakacheka mwaka uliofuata. Huyu alimnyang'anya mama yangu mwanawe wa kiume, na mama alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, na mwizi anakuja Jumapili kumkanda miguu.

Maana alikuja. Jumapili ile alikuja na samaki wake kama kawaida. Hapo ndipo nilipojijua kwamba nina roho mbaya, na nikamshukuru Mungu kwa kunipa. Nilimpokea kapu. Nilimtilia chai, nikamwongeza sukari. Baharia nilimwomba asionekane nyumbani siku hiyo, na mama nilikuwa nimeshampa onyo asiseme neno, akajilaza chumbani akasingizia homa. Mwenzangu akaniuliza, "Kaka hajaandika?" Nikamwambia hajaandika, labda yuko mbali. Akasema, "Maskini, mabaharia bwana, vumilia tu." Nikasema navumilia. Ninamtazama mdomo unavyotafuna mkate wa mama yangu, nasema moyoni, tafuna, mwenzangu, tafuna vizuri, siku yako naishona.

Jambo moja lilitusaidia. Kaka alikuwa ameapa kutoandika tena kwenye ile imeili, kwa hiyo mwizi hakujua kwamba tumejua. Bado alikuwa anafungua kila siku, anasubiri. Nikasema kama anasubiri, tumwandikie.

Hatukwenda Chikongola kuandikia, tusingekuwa wajinga kiasi hicho. Tulikwenda Naliendele, kwa mtu tuliyefahamiana naye aliyekuwa na kompyuta ofisini. Baharia alikuwa na imeili yake. Mimi nikasema maneno, yeye akaandika: kwamba ni mwenzake kaka, amepewa sanduku la arobaini ya mama, kuna doti za kanga, vyombo vya kioo na simu ya mkononi mpya. Kwamba nyumbani hakujui na dada hamjui kwa sura, kwa hiyo Jumamosi asubuhi atakuwa Chikongola, baraza ya fundi cherehani wa kona ya sokoni. Kitambulisho hataki, vitambulisho vinaghushiwa. Kaka amemwambia aulize jina lililoachwa unyagoni, na atakayelitamka ndiye mwenye sanduku.

Jibu lilikuja kabla hatujamaliza chai. "Nitafika kaka yangu. Mungu akulipe. Bado nina majonzi makubwa ya mama."

Majonzi! Nilisoma neno lile nikatafuta mahali pa kutemea mate, ofisi ya watu, nikameza.

Halafu nikaenda kijijini kumchukua kungwi wetu. Bibi yule alikuwa mzee sasa, ila mgongo umenyooka. Nilimweleza yote, akanisikiliza anatafuna tambuu. Hakuelewa imeili ni nini, na sikumlaumu. Alielewa kwamba mtoto aliyemcheza yeye amelichukua jina la mwenzake akalifanyia ufunguo wa wizi. Akauliza jambo moja tu. "Atalitamka kwa mdomo wake?" Nikasema atalitamka. Akafunga kanga zake, tukaondoka.

Fundi cherehani alikuwa mtu wa utani na sisi, nilimwambia kidogo akaelewa mengi. Nyuma ya nguo zilizotundikwa barazani tukakaa mimi, kungwi na wanawake wawili wa kijijini, na mimi nina kuku jike kwapani, miguu nimemfunga. Baharia alikaa mbele na sanduku. Lilikuwa limejaa maganda ya korosho. Simu yake ya mkononi aliiweka mezani imefunikwa kitambaa, na kule Durban kaka yuko hewani. Alikubali kwa shingo upande, baharia alimbembeleza usiku mzima, amsikilize tu, asiseme kitu, akishasikia akate.

Alikuja. Amejitanda buibui mpaka puani, anatembea ubavuubavu. Akamsalimia baharia kwa sauti ya mfiwa. Baharia akamwuliza, nitajuaje kama ndiye wewe? Akainama, akanong'ona.

"Sikusikia, dada. Cherehani hii ina kelele."

Na fundi naye, Mungu ambariki popote alipo, akakazana kukanyaga utadhani anafukuzwa. Mwenzangu akatazama huku na huku. Akatazama sanduku. Tamaa ilimshika, akalitamka jina langu, kwa sauti, kweupe, sokoni Chikongola, jina ambalo mama yangu mzazi hakuwahi kulirudia tangu niwe mwanamke.

Kungwi aliinuka akapangua zile nguo. Hakupiga kelele. Alisema, "Rudia, mwanangu. Rudia nikusikie vizuri, maana mimi ndiye niliyelizika."

Mwenzangu akaanza, bibi si hivyo, bibi nilitumwa, bibi ni shetani. Watu wakaanza kujaa. Baharia akafunua simu akaiweka sikioni, na nikamwona uso unabadilika, kisha mawasiliano yakakatika, sikujua kaka amesikia au hajasikia. Nikasema kama hajasikia, basi angalau mimi yangu niimalize. Nikamwendea kungwi, nikamwekea kuku mikononi.

"Faini yangu hiyo, bibi. Nailipa kabla sijakosa."

Bibi akampokea kuku. Akamkalisha vizuri kwapani.

Nikamgeukia mwenzangu nikamwita kwa jina lake la utotoni. Sikunong'ona. Nikaliita kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea, nikaliita mpaka wauza mihogo wakasimama, wauza samaki wakaacha kupunga nzi. Alikuwa na jina la kuchekesha, maskini, la mtoto aliyezaliwa mbichi, siku hazijatimia, na kukojoa sana. Akajifunika uso akakimbia, na mimi nyuma, namwita. Nilimsindikiza nalo hadi mlangoni pa kafe yake. Waliokuwa ndani wanajifunza kompyuta waligeuka kutazama, na baadaye nilisikia kwamba tangu siku ile hakuna aliyemwita mwalimu. Jina likamganda. Watoto wa Mtawanya walilipigia kibwagizo wakiruka kamba. Watu wengine walimwita vile bila kujua asili yake, wakidhani ndilo jina lake hasa.

Mtaniuliza polisi je? Sikwenda. Nilijua hata angefungwa angetoka, amekonda, watu wamhurumie, wamchangie mtaji. Nilitaka kitu kisicho na siku ya kutoka.

Jioni ile simu ya baharia ililia tumekaa uani. Akasikiliza, kisha akampa mama. Mama hakujua kuishika, aliiweka juu chini, nikamgeuzia. Akawa anasikiliza, na kule upande wa pili nilikuwa nasikia mtu mzima analia kama mtoto. Kaka alikuwa amesikia. Alisikia sauti inatamka jina langu, na sauti haikuwa yangu.

"Haya, haya," mama akamwambia. "Umekula?"

Halafu mama akaomba ugali. Nilisonga, nikaunguza mboga, akala hivyohivyo.

Wazee wa upande wa mwenzangu walikuja kuomba radhi, wakarudisha kilichobaki. Kilikuwa kidogo, kingine alishakula yule mwanamume wake aliyejifanya msimamizi wa msiba. Mama akasamehe. Mama alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliniambia nisamehe, ni mtoto tuliyemlea wote. Nikamwambia, mama, wewe samehe yako, yangu niachie. Hatukulirudia tena.

Tangu hapo mashine na mimi hatuelewani, na sitaki tuelewane. Ikiniuliza utotoni uliitwa nani, naidanganya. Ikiniuliza mama yako alizaliwa wapi, nasema China. Jibu la kweli nimeshajua kazi yake, ni la ndugu zako, na aliye karibu nawe ndiye anayelijua. Neno langu la siri hata mume aliyenioa baadaye halijui, alinuna kidogo akazoea. Akikaa mtu nyuma yangu kwenye kafe nasimama, nasema mimi nasubiri, maliza wewe kwanza. Ofisini wadogo zangu walioanza kuandikiana maneno ya siri kwenye karatasi na kubandika ukutani niliwabandua nikawachania.

Na miaka ile simu za mkononi zilipoenea, wakaanza wale wa kukupigia kwamba umeshinda, taja tarehe yako ya kuzaliwa tukuletee zawadi. Ebo! Nawapenda wale. Mmoja nilimwambia ngoja nimwulize mama, nikaiweka simu chini karibu na kinu, nikatwanga mpunga wote. Niliporudi bado yuko, anaita, "Haloo, mama, haloo," na salio lake linakwenda. Nikamwambia mama amesema utaje yako kwanza. Alinitukana mpaka salio likamwishia. Nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Kaka alirudi msimu wa korosho uliofuata. Alifika mchana, akaingia bila hodi, akaanguka miguuni kwa mama pale kwenye mkeka, na mama akamwambia aangalie asikanyage korosho. Mimi aliniomba radhi akiwa amesimama, kwa maneno machache, na niliyapokea, maana kaka yangu hakukosea, alidanganywa na kitu cha kweli. Toka hapo akipata likizo ni nyumbani tu. Kila akija mama alikuwa anamshika uso kwa mikono miwili, anamwuliza kama bado amezikwa, na kaka anacheka machozi yanamtoka.

Walipata miaka kadhaa hivyo. Nasema hivyo ili mjue kwamba mwizi hakushinda.

Mama alikufa kweli wakati wa mvua, asubuhi, kaka yuko nyumbani, ndiye aliyemfumba macho. Nyumba ikajaa. Wanawake wa kijijini wakafika kwa lori, wamejifunga kanga viunoni, na katikati yao akashuka yeye. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita mama, mama, kama alivyokuwa anamwita Jumapili zile. Wanawake wakampisha njia. Walijua mimi na yeye tumechezwa pamoja, na mtu mliyechezwa naye akifiwa na mzazi hukai nje, unaingia ndani kwa maiti. Alikuja moja kwa moja hadi mlango wa chumba, ameshakunja mikono ya gauni, tayari kuosha.

Nilisimama katikati ya mlango. Kaka alikuwa nyuma yangu, sanda iko mikononi mwake bado haijafunguliwa. Bibi mmoja akanigusa bega akasema, "Mwanangu, msibani hakuna ugomvi, mpishe."

"Sina ugomvi, bibi," nikasema. Nikamtazama yule mwanamke usoni, na sikupandisha sauti hata kidogo. "Mwenzangu, wewe msiba huu ulishauweka. Sanda ya huyu ulishapokea, matanga yake ulishakula, pole zake ulishapewa. Wewe ulimaliza. Nenda nyumbani, sisi ndio tunaanza."

Akamtazama kaka, akateremsha mikono ya gauni.

Kaka akaniachia sanda akatoka, nikafunga mlango, wanawake tukamwosha mama.